KIJANA, HIYO NI BIASHARA AU NI KAMARI?



Kijana, labda karatasi hii umepewa ukiwa unapita zako, labda umekuja uwanjani kwa sababu ya muziki tu. Hakuna shida, karibu. Usiikunje kwanza. Somo hili sikuliandika kwa ajili ya wazee wa kanisa. Nimeliandika kwa ajili yako wewe ambaye kanisani huendi, lakini simu yako haikai mfukoni dakika tano.

Nikihubiri habari za kamari vijana wengi wananijibu, "Mtumishi, sisi hatubeti. Mkeka tumeshaacha. Siku hizi kuna soko la utabiri, watu wananunua na kuuza kama hisa. Ile ni biashara." Wanasema hivyo kwa ujasiri kabisa. Sasa mimi nimeamua kulichunguza jambo lenyewe, maana mhubiri akikemea kitu asichokijua vijana wanamcheka, na wana haki ya kumcheka.

SOKO LENYEWE LIKOJE

Kitu hiki kimekua huko Marekani. Masoko yanayojulikana sana ni mawili, Polymarket iliyoanza mwaka 2020, na Kalshi iliyofungua milango mwaka 2021 ikiwa na kibali cha CFTC, yaani tume ya serikali ya Marekani inayosimamia mikataba ya bei za mazao, mafuta na mambo kama hayo. Mwanzoni Kalshi ilihusika na mambo ya uchumi na hali ya hewa, baadaye uchaguzi. Mwaka 2025 ikaingia kwenye michezo kwa nguvu. Ilipofika Machi mwaka huo ikawakuta Wamarekani kwenye homa yao ya kila mwaka: mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu, timu 68, ukifungwa mara moja tu unarudi nyumbani.

Linafanya kazi hivi. Swali linawekwa: Je, timu fulani itashinda? Wewe unanunua NDIYO au unanunua HAPANA. Bei inacheza kati ya senti 1 na senti 99. Mchezo ukiisha, aliyekuwa upande wa kweli analipwa dola 1 kwa kila mkataba alioushika. Wa upande wa pili anapata sifuri. Bei ya NDIYO ikiwa senti 62, maana yake watu sokoni wanaona timu ile ina nafasi kama 62 katika 100. Ndiyo maana wanaliita soko la utabiri, kwa sababu bei yenyewe inatabiri.

Tuseme umenunua mikataba 50 ya NDIYO kwa senti 62. Umetoa dola 31. Timu imeshinda, unapewa dola 50. Faida dola 19! Unaruka juu, unasema Mungu ni mwema. Ngoja kwanza. Hizo dola 19 zimetoka wapi? Mimi niliishia darasa la saba, lakini hesabu hii hata mimi naiweza. Ili wewe upate NDIYO kwa senti 62, lazima mtu mwingine awe ameshika HAPANA kwa senti 38. Mara 50 ni dola 19. Dola 31 zako na dola 19 zake ndizo zilizofanya dola 50. Hakuna kilichozalishwa. Hakuna gunia lililoongezeka ghalani. Na mwenye soko amekata ada yake hapo katikati, kwa hiyo ukiwajumlisha ninyi wawili, mmetoka na pungufu kuliko mlivyoingia.

Ukibeti mkeka unapambana na kampuni. Hapa unapambana na mtu. Tena usidhani huyo mtu ni mwanafunzi mwenzako aliyekaa bwenini na soda yake. Humo ndani yamo makampuni ya fedha yenye kompyuta na wataalamu wa hesabu, kazi yao ni kupanga bei na kukusubiri wewe. Ni kama kuvuta kamba na trekta.

Halafu kuna jambo la pili, ambalo ndilo linalowashika vijana. Mchezo ukiwa unaendelea, bei nayo inaendelea. Timu ikifunga, bei inapanda. Ikikosa, inashuka. Unaweza kununua na kuuza mara 20 ndani ya mchezo mmoja. Zamani mcheza kamari alikuwa anasubiri matokeo hadi mwisho, angalau alipata muda wa kupumua na pengine kujuta. Siku hizi hapati hata nafasi ya kujuta.

SIKU DUKE ILIPOANGUKA

Nitakupa mchezo mmoja wa kweli. Tarehe 5 Aprili 2025, mji wa San Antonio, jimbo la Texas, ndani ya ukumbi wa Alamodome. Ni nusu fainali. Chuo cha Duke kinacheza na chuo cha Houston.

Duke ilikuwa timu ya kutisha. Alikuwemo Cooper Flagg, kijana aliyekuwa anatajwa kuliko wachezaji wote wa vyuo mwaka ule. Na alikuwemo kijana wetu, Khaman Maluach. Huyu alizaliwa Sudan Kusini, akakulia Uganda kama mkimbizi, na kabla hajafika chuoni alikuwa ameshacheza Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 17. Vijana wa Afrika Mashariki wengi walikuwa wanamshangilia usiku ule, na sina neno nao. Kushangilia si dhambi.

Kipindi cha pili, zikiwa zimebaki dakika kama 8, Duke iko mbele kwa pointi 14. Kila mtu anajua mchezo umekwisha. Sasa mfikirie mtu wa soko. Bei ya Duke iko juu sana, tuseme senti 90, na hiyo ni ya mfano tu. Anajiambia, hii ni hela ya bure. Ananunua mikataba 100 kwa dola 90 ili apate faida ya dola 10. Nani atamlaumu? Hesabu imekubali, macho yameona, watangazaji wamesema.

Zinabaki sekunde chini ya 40. Duke bado iko mbele, pointi 6. Sekunde chini ya 40, bwana! Hata mimi ningesema imekwisha.

Houston wakafunga mpira wa pointi 3. Duke wakarusha mpira uingie ndani, Houston wakaunyang'anya wakadanki. Duke wakapewa mitupo ya adhabu, wakakosa. Houston nao wakapewa, J'Wan Roberts akaingiza yote miwili, wakaongoza. Flagg akarusha ule wa mwisho wa kuokoa, ukagonga ukatoka. Houston 70, Duke 67. Katika zile sekunde za mwisho Houston ilifunga pointi 9 mfululizo, Duke haikufunga hata 1.

Yule mtu wa dola 90 amebaki na nini? Sifuri. Na sasa sikiliza vizuri: ili arudishe dola 90 kwa njia ile ile ya faida ya dola 10, anatakiwa ashinde mara 9 bila kukosa hata mara moja. Hapo ndipo usingizi unapoondoka. Hapo ndipo mtu anaanza kuifukuzia hasara, na hasara ina mbio kuliko yeye.

Unasema, basi angehamia Houston. Haya! Siku mbili baadaye, tarehe 7 Aprili, ukumbi ule ule, fainali. Houston na Florida. Houston wakawa mbele kwa pointi 12 kipindi cha pili. Walioumizwa na Duke sasa wamejifunza, wamewaamini Houston. Florida wakashinda 65 kwa 63, na Houston katika sekunde za mwisho hawakupata hata nafasi ya kurusha mpira golini.

BIBLIA INASEMAJE

Fungua Waraka wa Yakobo sura ya 4, mstari wa 13 mpaka 15. Kama huna Biblia, muulize jirani yako hapo. Yakobo anazungumza na watu wanaosema, leo au kesho tutakwenda mji fulani, tutafanya biashara, tutapata faida. Anawauliza, mnaijua kesho ninyi? Anawaambia maisha yao ni kama mvuke, unaonekana kidogo halafu haupo. Yakobo hakuwa anawasema wavivu wala wezi. Alikuwa anawasema wafanyabiashara! Kosa lao lilikuwa kuishika kesho mkononi kama vile ni mali yao. Kama aliwakemea waliouza bidhaa za kweli, atamwambia nini anayeuza na kununua KESHO YENYEWE?

Kijana mmoja mwenye akili alinibana hapo. Aliniambia, mtumishi, hata mkulima anabahatisha mvua. Tena CFTC unayoisema inasimamia mikataba ya ngano na mahindi, mbona hiyo hukemei?

Ni swali zuri, na wahubiri tusilikimbie. Soko la Chicago la nafaka lilianza mwaka 1848, na biashara ile ya mikataba ilikua kwa sababu mkulima alikuwa anaogopa bei itaanguka siku ya mavuno. Akakubaliana na mnunuzi mapema, tutauziana kwa bei hii. Mkulima akalala, na mwenye kinu cha unga naye akalala. Palikuwa na shamba. Palikuwa na ngano. Palikuwa na hatari iliyokuwepo kabla ya mkataba, na mkataba ukaja kuipunguza. Kwenye mchezo wa Duke na Houston, wewe ulikuwa na hatari gani kabla hujanunua? Duke wakifungwa nyumba yako inaungua? Ng'ombe wako wanakufa? Hapana. Hatari haikuwepo. Umeitengeneza mwenyewe kwa hela yako ili usisimkwe. Hiyo ndiyo tofauti, na ukiielewa hiyo umelielewa somo.

Mkulima naye akikosa mvua analia, lakini hakuna jirani aliyeshiba kwa sababu yeye ana njaa. Kwenye kamari wewe hushibi mpaka mwenzako akose. Amri ya kutotamani cha mwenzako (Kutoka 20:17) hapo inakanyagwa hata kama sheria ya nchi imeruhusu.

Na hata hiyo sheria wenyewe wanagombana. Mwezi Machi 2025 majimbo ya Nevada na New Jersey yaliiandikia Kalshi yakisema, hii ni kamari ya michezo na hamna leseni yetu, acheni. Kalshi ikaenda mahakamani kusema ni mikataba ya fedha, iko chini ya tume ya taifa. Kwa nini jina lina maana hivyo? Sababu moja hii hapa: katika majimbo mengi ya Marekani, kubeti michezo lazima uwe na miaka 21. Kwenye soko la utabiri unaingia ukiwa na 18. Umeona? Ukibadilisha jina la mlango, mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni anapita. Shetani ni mtaalamu wa kubadilisha majina. Dhambi ya kale anaipaka rangi mpya, anaiita maendeleo.

Tena mlango huo haufungui palipo patupu. Mwaka 2023 chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, NCAA, kilifanya utafiti kwa vijana wa miaka 18 hadi 22. Asilimia 58 walisema wameshabeti michezo walau kwa namna moja. Zaidi ya nusu! Hao ni watoto wa watu, wametumwa shule.

MSICHANA WA FILIPI

Kuna habari moja katika Matendo ya Mitume 16:16-19 ambayo naipenda sana, na vijana hawaijui. Paulo na Sila wamefika mji wa Filipi. Wakakutana na msichana mtumwa aliyekuwa na pepo wa uaguzi. Alikuwa anatabiri, na utabiri wake ulikuwa unawaingizia mabwana zake faida nyingi. Soma tena hapo: UTABIRI, na FAIDA. Msichana anapiga kelele siku nyingi, Paulo akaugua moyoni, akamwamuru yule pepo kwa jina la Yesu, akatoka saa ile ile.

Mabwana zake wakafurahi kuwa binti amepona? Wala! Walikasirika kwa sababu tumaini lao la faida limetoka. Binti hawakumwona kamwe. Waliona mfuko.

Mimi sisemi kila programu ya simu ina pepo. Wapo watumishi wanaosema hivyo, mimi siwafuati huko. Ninachosema ni kwamba faida ya utabiri inapofusha macho mtu asione mtu. Umemwona Maluach hapo juu, kijana aliyekimbia nchi yake, akakulia ugenini, akafanya mazoezi mpaka mwezi Juni 2025 akachaguliwa wa 10 kuingia ligi kubwa ya NBA. Lakini usiku ule, kwa mtu aliyenunua Duke, yeye ni nini? Ni senti. Akiukosa mpira bei inashuka, basi anatukanwa. Wachezaji wa vyuo wa Marekani wamekuwa wakipokea matusi na vitisho kwenye simu kutoka kwa watu waliopoteza fedha juu yao. Mtoto wa miaka 19 amekosa mtupo, anafungua simu yake akalie na mama yake, anakuta watu asiowajua wanamtakia kifo.

Na wengine hawaishii kwenye matusi, wanaununua mchezo wenyewe. Hili si la leo. Mwaka 1950 chuo cha City College cha New York kilitwaa mashindano yote mawili makubwa ya taifa mwaka huo huo. Vijana maskini wa mjini, taifa zima likawapenda. Mwaka 1951 baadhi yao wakakamatwa. Walikuwa wamepokea fedha za wacheza kamari. Hawakuambiwa wafungwe, hapana, waliambiwa tu wapunguze, ushindi usiwe mkubwa sana. Ni kitu kidogo. Hivyo ndivyo inavyoingia, kidogo. Penye fedha nyingi juu ya mchezo wa vijana, siku moja mtu atakwenda kubisha hodi kwenye mlango wa kijana.

MEZA YA BAHATI

Isaya 65:11 inataja watu waliomwacha Bwana, wakawa wanamwandalia meza mungu wa Bahati. Wasomaji wengi wanaupita mstari huu bila kusimama. Hebu simama. Bahati ilikuwa na meza yake, ina watu wanaoiandalia. Sasa jiulize wewe, katika wiki hii, ni nani aliyekula kwenye mfuko wako? Mama yako? Mdogo wako wa shule? Au ni Bahati?

Kijana wa huku kwetu haendi San Antonio, lakini roho ni ile ile. Mkeka wa mpira wa miguu, ndege ya kwenye simu inayopaa na kulipuka, namba, vijiwe vya kamari mtaani. Fedha ya nauli imekwenda. Ada imekwenda. Umekopa kwenye simu ili kurudisha, na mkopo nao una riba. Umemdanganya baba kuwa chuo kimeongeza mchango. Nakuambia bila kukulaumu: sioni kwamba tatizo lako ni akili. Wengi wenu mna akili nyingi, mnajua takwimu za wachezaji kuliko mnavyojua kitabu chochote cha darasani. Tatizo ni kwamba kuna tundu moyoni, na unalijaza kwa kitu ambacho kila asubuhi kinavuja.

Labda unasema, mimi nimeshinda, mimi sijapoteza. Sawa. Tena nakuamini. Yupo anayeshinda. Mithali 13:11 inasema mali ya haraka inapungua, bali mwenye kukusanya kidogo kidogo kwa kazi anaongezewa. Lakini tuache hata hilo. Bwana Yesu mwenyewe aliuliza (Marko 8:36) itamfaa nini mtu kuupata ulimwengu wote akaipoteza nafsi. Hakuuliza juu ya aliyepoteza dau. Aliuliza juu ya ALIYESHINDA KILA KITU. Ndiyo maana wewe uliyeshinda nakuhurumia zaidi, maana aliyepigwa huwa anafika kwenye mkutano wa Injili mapema.

Wengine wananiuliza kama walete zaka ya faida ile. Kaka, dada, Mungu hana njaa. Anakutaka wewe kwanza.

WALIOKUWA CHINI YA MSALABA

Sasa nataka uende na mimi mahali pamoja. Kalvari. Yohana 19:23-24. Yesu ametundikwa, damu inatoka. Chini yake kuna askari wanne wa Kirumi wamekaa. Wamegawana mavazi yake, imebaki kanzu, haina mshono, ni kitu kizuri, wakaona wasiipasue. Wakaipigia kura.

Fikiri, kijana. Juu ya vichwa vyao anakufa Mwokozi wa ulimwengu, anakufa kwa ajili YAO, naye amewaombea msamaha kwa Baba (Luka 23:34). Wao macho yako chini, kwenye kura. Nani kashinda? Mmoja wao alishinda kweli. Aliondoka pale na kanzu ya Yesu mkononi, anacheka, leo siku yangu. Alikuwa na vazi la Mwana wa Mungu, na Mwana wa Mungu mwenyewe hakumpata.

Lakini palikuwa na mtu mwingine hapo hapo, mkubwa wao, akida. Kilima kile kile, saa zile zile, kazi ile ile mbaya ya kusulubisha. Yeye aliinua macho. Alimtazama Yesu anavyokata roho, akakiri kuwa huyu ni Mwana wa Mungu (Marko 15:39). Hakuwa mtu wa dini. Hakuwahi kukaa katika sinagogi wala kujua nyimbo zao. Aliinua macho tu.

Wewe leo uko kwenye kilima hicho. Hutaambiwa ubahatishe kama Mungu atakupokea. Hapa hakuna senti 62 wala senti 90. Yesu alisema anayemjia yeye hatamtupa nje kamwe (Yohana 6:37). Kamwe! Deni lako lilishalipwa lote siku ile, na aliyelipa hakukata ada.

Ukiwa tayari, sema maneno haya kwa sauti, hapo hapo ulipo, hata kama watu wanakutazama:

Bwana Yesu, naja kwako jinsi nilivyo. Nimetegemea bahati, nimetegemea akili yangu, na moyo wangu hauna amani. Nimetamani cha wenzangu, nimewadanganya wanaonipenda. Nisamehe. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Ingia moyoni mwangu leo, uwe Bwana wangu. Nivunjie kifungo hiki cha kamari, nipe mikono ya kufanya kazi na moyo wa kuridhika. Kesho yangu naiweka mikononi mwako. Amina.

Umeomba? Malaika mbinguni wanashangilia sasa hivi. Basi leo kabla hujalala, ifute hiyo programu kwenye simu, na fedha iliyobakia humo itoe, kalipe deni unalodaiwa, hata kama haitoshi. Mwambie mtu mmoja ukweli wote, kiasi chote, usimpunguzie. Awe mama, awe kaka, awe rafiki ambaye habeti. Usiku wa mchezo mkubwa usikae peke yako na simu. Hamu itarudi, hasa ukisikia wenzako wanashangilia, wala usidhani kwa kuwa hamu imerudi basi Yesu ameondoka. Ita jina lake hapo hapo.

Na usitoke uwanjani hivi hivi. Jukwaani upande wa kushoto kuna wahudumu wenye vitambulisho shingoni. Waonyeshe karatasi hii, watakupa Injili ya Yohana bure na kuomba na wewe kwa jina lako.